Wimbo wa Punda wa Miamvuli

Yokohama, Japani
2 Machi 1975

Mpenzi Mama Philister,

Salamu kutoka kwa mumeo anayekula samaki asubuhi, mchana na jioni, hadi shati lake limeanza kunuka ziwa. Baridi imepungua. Juzi nilitoka nje bila kofia na masikio yangu yakarudi nyumbani pamoja nami, kwa hiyo mjue huku kumekucha.

Mimi mzima. Kazi kiwandani ni nzuri. Wanatufundisha kwa subira, na ukikosea wanakuinamia kana kwamba wao ndio waliokosea. Jamleck anakusalimu. Bado tunakaa chumba kimoja, bado anakoroma.

Nina habari moja, na nakuomba uisome ukiwa umeketi. Kozi yetu inakwisha Juni kama nilivyokwambia. Lakini kuna kozi nyingine ya mwaka mmoja, ya televisheni za rangi. Jamleck ameiomba, nami nimeomba. Nairobi bado hawajaona televisheni ya rangi. Siku itakapofika, Bwana Gichuru aliyenituma huku atakuwa na fundi ambaye hana mwenzake River Road nzima. Fikiria hivyo, usifikirie miezi.

Mwambie Philister baba yake anamwona kila siku kwenye ile picha, na kwamba asiwe anakunja uso hivyo mbele ya kamera.

Naendelea kuandika kwa taipureta, usishangae. Nimeizoea.

Mumeo,
Joash Were


Uthiru, Nairobi
23 Machi 1975

Kwa Baba Philister,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Wewe si mtu wa kuniambia lini niketi.

Mwaka ni mwaka. Sitalia, na sitaenda kwa mama yako kukushtaki. Nimelea mtoto, nimeshika kazi, na jirani hajawahi kuja kuniuliza kwa nini jiko langu limezimika. Lakini neno moja limenikwama. Umeandika "nimeomba". Mtu hupelekwa mbali, hulazimishwa, hukosa nauli ya kurudi. Wewe umeomba. Nataka kujua kama kozi ndiyo iliyokuhitaji au wewe ndiye uliyeihitaji kozi.

Philister anasoma vizuri kuliko mwalimu wake anavyopenda. Mama Kihara, mwenye ploti tunayopanga, amenunua televisheni, na tangu hapo watoto wote wa ploti ni wajukuu wake. Jumamosi jioni hawaitiki hata ukiwaita kwa chapati. Mimi siendi. Jumamosi ni siku ya kupiga pasi.

Isaiah Odero alitembea kutoka mtaa wa Satellite kuja kutujulia hali. Alilitazama gitaa lako ukutani kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake, akaniuliza kama anaweza kuliazima. Nikamwambia yeye alikuwa wa kukugongea chupa ya soda ukipiga gitaa, na chupa ziko nyingi. Gitaa haliazimwi.

Sasa kuhusu hiyo taipureta. Mimi hupiga chapa barua za mawakili Government Road tangu asubuhi hadi jioni, na yako nimeisoma kwa macho ya kazi. Herufi za kushoto zimekolea wino. Za kulia zimefifia kama zimepigwa na mtu aliyesimama mbali. Unapiga chapa kama mtu anayeruka kwa mguu mmoja. Niandikie kwa mkono wako. Mwandiko wako nimeukosa zaidi ya mwaka sasa.

Mkeo,
Caren


Yokohama
10 Aprili 1975

Mpenzi Mama Philister,

Maswali yako yamenifikia. Kozi ni nzuri na itatufaa sote, sina la kuongeza.

Miti imechanua maua huku, barabara nzima nyeupe, na wazee wanakaa chini yake na chakula kama watu walio harusini. Ningependa uone.

Gitaa mpe Isaiah. Simaanishi kumwazima. Alichukue kabisa, liwe lake. Kitu kisichopigwa huharibika.

Mumeo,
Joash


Uthiru
4 Mei 1975

Joash,

Leo salamu zitakuwa mwisho wa barua, kama nitakuwa bado ninazo.

Wiki mbili zilizopita Philister alinivuta leso hadi kwa Mama Kihara. "Mama, njoo umwone Punda!" Huyo Punda nilikuwa nimemsikia tu. Ni picha za katuni kutoka huko uliko. Punda mdogo amebeba mzigo wa miamvuli, mafuriko yamemtenga na mzee aliyemfuga, sasa anatembea kijiji hadi kijiji akimtafuta, na kila anayemkuta ananyeshewa anamwachia mwamvuli mmoja. Maneno yametiwa Kiingereza. Wimbo wameuacha kwa Kijapani.

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Nikabaki mlangoni. Punda akaanza kutembea, gitaa nalo likaanza. Gitaa kavu, peke yake, bila ngoma wala tarumbeta.

Nilishika mlango, Joash.

Ulikuwa ni wimbo wangu. Ule ulionitungia mwaka wa sitini na sita ukiwa umekalia debe nje ya nyumba ya mjomba wako huko Kangemi, mjomba akijifanya amelala. *Nanjala, wewe uliyepewa jina la njaa, mbona nikikuona nashiba?* Wimbo ambao haukuingia kwenye santuri. Hukuupiga baa hata siku moja, hata walevi walipokubembeleza. Ulisema ni wa nyumba yetu. Na sasa watoto wa Kijapani wanauimba, na ni wa punda.

Nilitaka kukasirika papo hapo, hasira ikakataa kuja. Ulikuja wewe. Ile harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya iliyokuwa haitoki kwenye shati lako. Vile unavyokohoa kabla ya ubeti wa pili kana kwamba unaomba ruhusa. Miaka miwili nimekaza moyo, nikajiona hodari, halafu punda wa kuchorwa akaja kuniliza mbele ya wapangaji.

Nilipofuta macho nikaona siko peke yangu. Unajua habari ya Mama Kihara, kwamba mumewe alichukuliwa na wakoloni wakati wa Emajensi na hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi. Alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, machozi yanashuka wala hayajali. Nikamwinamia nikamuuliza kama anaumwa.

"Wacha," akasema. "Hii wimbo huwa inakuja na mtu yangu. Ikiisha anaenda. Wacha nikae na yeye kidogo."

Kwa hiyo usidhani nimekuandikia kwa sababu ya wivu wa wimbo. Wimbo umekua, umetoka nyumbani, umefanya kazi nzuri kwa watu. Hilo nalikubali. Kuna jingine.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua Isaiah twende naye. Nilisikiliza bila kulia. Pale unapotelezesha kidole kwenye uzi hadi ulie kama mtoto aliyenyimwa uji, palikuwapo, na hakuna mwingine duniani anayefanya hivyo. Mkono wa kushoto ni wako. Wa kulia si wako. Gumba lako huingia kwenye nyuzi kama mwenye nyumba. Huyu anabisha hodi. Anagusa kwa adabu, kwa upole, kama anaogopa kuamsha mtu.

Isaiah alikunja uso mpaka wimbo ukaisha. "Shemeji," akasema, "huyo ni Were, na si Were."

"Magitaa ni mawili?"

"Gitaa ni moja. Lakini mimi nimemgongea huyo mtu chupa miaka mingi. Hiyo gumba si yake."

Watu wawili kwenye gitaa moja hukaa bega kwa bega. Nimelifikiria hilo nikiwa kazini, nikiwa kanisani, nikiwa napika. Unaomba mwaka zaidi. Unataka gitaa lako liondoke nyumbani. Na kuna mkono laini unaokaa pamoja na wako juu ya wimbo wangu. Kama ni mkono wa mwanamke, niambie kwa maneno machache. Sitapiga kelele, nitajua tu pa kusimama. Lakini usinijibu kwa taipureta.

Salamu zako ni hizi.

Nanjala


Yokohama
22 Mei 1975

Nanjala,

Utaona mwandiko huu ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Ni wa mkono wangu wa kushoto. Nimeanza kuuandika baada ya chai na sasa chai imekuwa baridi.

Ule mkono laini ni wa Bwana Ishida. Ana miaka sitini na kitu, kipara kinachong'aa, na meno ya dhahabu. Mke wake hunifokea nikisahau kuvua viatu. Bega nililokaa nalo ni hilo, na linanuka dawa ya maumivu ya mgongo.

Sasa la pili, ambalo nilipaswa kukuandikia kabla ya yote. Mwaka wa kwanza, mwezi wa nane, mashine ya kukatia bati ilichukua gumba langu la kulia na kidole cha shahada. Hakuna aliyenikosea. Mkono uliteleza. Walinitibu vizuri, walinitembelea na matunda, na mkubwa wa karakana alilia kuliko mimi. Nilijiambia nitakueleza nitakapozoea. Sikuzoea. Kila barua niliyokuandikia ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, kwa sababu sasa nilikuwa na vidole vya kueleza na ukimya wa kueleza.

Nilipozinduka hospitalini jambo la kwanza nililofikiria ni wimbo wako. Kazi ilikuja baadaye. Wimbo ule haujaandikwa mahali, Nanjala. Ulikuwa unakaa kwenye gumba hili. Nikaogopa umekwenda nalo. Niliporudi chumbani nikawa naupiga mluzi kila asubuhi nikivaa, nisiupoteze. Kuta za huku ni karatasi. Asubuhi moja nikasikia gitaa upande wa pili likiupiga wimbo wako, na likikosea. Nilikasirika nikatoka na bandeji yangu nikagonga mlango, nikamwambia kwa Kijapani changu cha kiwandani: "Sivyo!"

Mzee akanipa gitaa nimwonyeshe. Nikamwonyesha mkono.

Hakusema pole. Alisogea kwenye benchi, akaniachia nafasi, akanielekeza nishike shingo ya gitaa kwa kushoto, yeye akaweka wake wa kulia kwenye nyuzi. Tulipiga vibaya sana. Kesho yake tukapiga vibaya kidogo. Mke wake alikuja kufoka, akasimama, akarudi na chai.

Kazi yake ni kutunga nyimbo za michezo ya televisheni. Walipompa habari za huyo punda, akaniuliza, "Wimbo huu ni wa nani?" Nikasema ni wa mke wangu. Akauliza, "Atakubali?" Nikakujibia, nikasema ndiyo. Kukuuliza kungekuwa kukueleza kwa nini kuna mkono wa pili. Tulikwenda kuurekodi, tukakuta wamejaza chumba wapiga fidla. Ishida akawashukuru wote, akawaambia warudi nyumbani. "Punda hatembei na okestra," akasema. Tukakaa wawili, tukaupiga. Sikujua kwamba ungefika Uthiru. Nilidhani unaishia hapa kwenye visiwa hivi.

Aliniuliza pia maneno yako yana maana gani. Nilipomweleza kuhusu njaa na kushiba, alichukua kalamu akaandika yake. Wale watoto wanaimba hivi: *Njia ni fupi kwa anayengojewa.*

Mimi njia yangu niliirefusha mwenyewe. Hakuna kozi inayonihitaji mwaka mzima. Niliogopa. Fundi wa redio asiye na gumba anakwenda kufanya nini River Road? Nani atamtazama mara ya pili? Na wewe ungekuwa unaliona lile gitaa ukutani kila siku, nami nikiwa nimekaa chini yake. Ndiyo maana nilitaka liondoke.

Sasa unajua yote. Ukisema nibaki, nitabaki. Ukisema nije, niambie nije kama nani.

Joash


Uthiru
8 Juni 1975

Baba Philister,

Nimelia kwa ajili ya mkono wako. Nimelia vizuri, nikanawa uso. Sasa tuzungumze.

Kwanza, Mungu anisamehe kwa Bwana Ishida. Nilikuwa nimekwisha kumpa nywele hadi kiunoni na kumvika kimono ya maua. Mwambie nimempa ruhusa ya wimbo, ingawa imechelewa. Mwambie pia ahsante kwa lile benchi.

Pili, umeuliza uje kama nani. Njoo kama mwenye nyumba. Hapa hapajawahi kutafutwa mtu wa cheo kingine.

Tatu, nimekwenda River Road kumwona Bwana Gichuru. Usikasirike, nimekwisha kwenda. Niliomba ruhusa kazini saa ya chakula, nikamkuta ameinamia redio ya mtu, na vijana wake wote wanaangalia. Nikamwambia mbele yao, maana sikutaka lije lisikike kwa kunong'onezwa.

"Fundi wako amepoteza vidole viwili."

Akaweka chuma cha kuchomelea chini. "Kichwa iko?"

"Kiko."

"Anaweza kuonyesha hawa vile Wajapani wanafanya?"

"Anaweza."

"Basi mimi sikumtuma kule aniletee vidole," akasema, akarudi kwenye redio yake. Halafu nikiwa mlangoni akaniita. "Mama, mwambie akuje mwezi wa saba. Mwezi wa nane nitakuwa nimekasirika."

Basi hilo la kazi lisikukoseshe usingizi.

Nne, gitaa. Sikumpa Isaiah. Siku niliyoipata barua yako nililishusha, nikalifuta vumbi, nikamtumia ujumbe Satellite aje anifundishe. Akasimama mlangoni akacheka hadi akashika mbavu.

"Mwanamke akipiga gitaa, shemeji, sisi wanaume tufanye nini?"

"Mgonge chupa," nikamwambia. "Si ndiyo kazi unayoijua?"

Akaingia, akaketi. Anakuja jioni akitoka kazini. Yeye anashika shingo ya gitaa, mimi nafanya mkono wa kulia. Wa kushoto sijifunzi, una mwenyewe. Vidole vimefanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya mengine. Kucha za gumba na shahada nimeziacha zikue, na wakili wangu mkubwa analalamika kwamba nikipiga chapa nasikika kama kuku anayedonoa bati. Nimemwambia barua zake hazina kosa, azoee. Sijui bado, nisikudanganye. Mara nyingi nakosea uzi. Lakini gumba langu halibishi hodi. Hata Isaiah amekubali.

Nilimweleza Mama Kihara maneno ya wale watoto, kwamba njia ni fupi kwa anayengojewa. Alikuwa akichambua maharagwe. Akaendelea kuchambua, nikadhani hakusikia.

"Hiyo ni ya mtu anakuja," akasema mwishowe. "Yangu hakuji. Wako anakuja. Mwambie asichelewe."

Kwa hiyo nakwambia.

Mkeo,
Nanjala


SIMU YA MAANDISHI
YOKOHAMA 24 JUNI 1975

CAREN WERE UTHIRU NAIROBI
NIMEPATA NDEGE NAFIKA EMBAKASI JUMAMOSI ASUBUHI USIKATE KUCHA
JOASH


Uthiru
13 Julai 1975

Ndugu yangu Jamleck,

Natumaini chumba sasa ni chako peke yako na unakoroma kwa uhuru. Uliniambia nikifika nikuandikie ukweli, si maneno ya barua. Ukweli ni huu.

Ndani ya ndege mkono ulikuwa mfukoni tangu Yokohama. Wale wasichana wa chakula walidhani nimeficha kitu. Embakasi nikaona watu wangu juu kwenye ukuta wa kupungia, nikapunga kwa kushoto. Caren hakupunga. Alisimama tu ananitazama, kisha akainua mkono wake wa kulia juu, akauweka hapo, hakuushusha. Mfuko wangu ukawa mdogo, Jamleck. Nikautoa mkono, nikaupandisha mbele ya watu wote, na vidole vyake vitatu.

Philister amekuwa mrefu. Aliutazama kwa karibu kama daktari. "Vitaota?" Nikamwambia hapana. "Haya," akasema, akazunguka akashika mkono ule mwingine, tukaenda zetu.

Bwana Gichuru amenipa meza na vijana wa kufundisha. Siku ya kwanza nilichomelea kwa kushoto huku wote wakiutazama mkono. Sasa hawautazami tena, wanauliza maswali, na mengine siyajui. Nitumie vile vitabu vya televisheni za rangi ukivimaliza.

Lakini nilitaka kukueleza Jumapili iliyopita, umsimulie Bwana Ishida, maana Kijapani changu hakitoshi kuandika jambo hili.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Caren akatoa benchi nje, akalitoa gitaa, akaketi upande wa kulia bila kuniuliza. Niliogopa saa hiyo kuliko ile ya kumwona Gichuru. Tulianza, na haikuwa muziki. Ilikuwa ni mabati yanaanguka. Mke wangu anakimbia, Jamleck. Ishida alikuwa ananingoja kila mahali, akiniinamia. Huyu hamngoji mtu.

"Unakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nimekungoja miaka miwili. Wewe ndiye unayechelewa."

Tukaanza upya, tukagombana upya. Akanipiga kiwiko. Nikamwambia Ishida hakuwahi kunipiga kiwiko. Akasema basi nirudi nikaolewe na Ishida. Isaiah, aliyekuja na chupa yake, alicheka mpaka akaiweka chini.

Halafu, sijui ni mara ya ngapi, ukashika. Sikusikia ulipoanzia. Gumba lake lilishuka kwenye uzi wa chini, mkono wangu tayari ulikuwa mahali pake, na wimbo ukatoka kama ulikuwa umekaa ndani ya nyumba wakati wote ukivaa viatu. Si kama nilivyokuwa nikiupiga. Si kama tulivyoupiga na Ishida. Caren ana nguvu kwenye gumba, anaupiga kama mtu anayekwenda mahali anapopajua. Nilifungua kinywa kuimba maneno yake, nikashindwa, akaimba yeye. Miaka tisa nimemwimbia mwanamke huyu jina lake, na sikuwahi kumsikia akiliimba mwenyewe.

Watu wa ploti walianza kutoka. Mama mmoja alikuwa na sabuni hadi kwenye viwiko. Isaiah aliiokota chupa yake akaanza kugonga, kwa upole, asituvunjie. Tulipomaliza wakapiga makofi, na mimi, nikiri kwako peke yako, nilijiona mtu mkubwa sana.

Mama Kihara hakupiga makofi. Ni mwenye ploti wetu, mama mzee, na televisheni ni yake. Alikuja na kiti chake kichwani, akakiweka mbele yetu, akaketi, akatikisa kichwa.

"Sivyo," akasema. "Hiyo si wimbo ya Punda. Mnaipeleka mbio hapa katikati. Hapa katikati iende pole."

Caren akacheka. "Mama Kihara, huyu ndiye aliyeutunga!"

Yule mama akanitazama, akautazama mkono wangu, hakuona cha ajabu hapo. Akakunja leso yake magotini, akaweka mikono mapajani kama mtu anayemngoja mgeni.

"Basi amesahau," akasema. "Anzeni tena."

Tukaanza tena, polepole.

Ndugu yako,
Joash Were